Hapana ya Kwanza

Mke wangu alinitangulia ng'ambo kwa miaka mitatu, na siku nilipofika uwanja wa ndege alinipokea huku akitazama saa. Kunikumbatia alinikumbatia, sitaki kumsingizia, lakini jicho moja lilikuwa ukutani, maana treni ya kwenda kwake ilikaribia kuondoka. "Tutaongea nyumbani, Fundi," alisema, akatangulia na begi langu dogo. Nikamfuata mbio mbio kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Fundi ndilo jina aliloniita tangu anijue, kwa sababu mimi ni seremala. Yeye ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na tulikaa katika nyumba ya mwajiri wake: chumba kimoja, jiko limejibana kwenye kona, na kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamsikia kama yuko kitandani kwako. Siku ya pili nilimwambia jirani pole, kupitia ukutani. Hakujibu. Mke wangu akaniomba nisirudie.

Kutulia sikuweza. Nikitoka kazini nilikuwa kiguu na njia ndani ya chumba kile kimoja: dirishani, jikoni, mlangoni, dirishani tena. Nikijilazimisha kukaa, goti linacheza lenyewe. Nilikaza skrubu za kila kiti, na zilipokwisha nikalegeza mbili tatu ili nipate za kukaza. "Kaa chini basi, unanizungusha kichwa," mke wangu alikuwa akisema. Nakaa, anageuka, nasimama.

Kazi yenyewe niliipata mapema, kwenye karakana kubwa ya milango. Msimamizi wetu alikuwa mwanamke mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, mtu wa haki, hana maneno mengi. Asubuhi moja alitukusanya mbele ya mashine ya kuranda, akasema anahitaji mtu wa kuongoza upande wa fremu. Akanitazama mimi.

"Nimeiona kazi yako. Unaitaka nafasi hii?"

Jamani, naitaka? Kwa roho yote. Lakini mtu mwenye malezi harukii kitu kama paka aliyeona samaki. Niliinamisha macho, nikajikuna shingo, nikasema, "Mimi? Aa, wapo wanaonizidi."

Mtu yeyote wa kwetu angejua hapo naomba nini. Naomba nisukumwe kidogo. Anayekupa atasema, "Usituangushe bwana, sisi tumekuona wewe." Utakataa tena, safari hii kwa sauti ndogo, na mara ya tatu utakubali huku ukilalamika kwamba umebebeshwa mzigo. Posa yangu mimi wakwe waliikataa mara mbili, na harufu ya pilau lililokuwa likipikwa kwa ajili yetu ilishafika mpaka barabarani.

Msimamizi akaitikia kwa kichwa. "Asante kwa kusema ukweli," alisema, akamgeukia jamaa mmoja tunayemwita Mrefu. Mrefu alisema "Naitaka" hata swali halijafika mwisho.

Siku nzima nilijipitishapitisha karibu na msimamizi nikingoja aniulize tena. Nilipiga msasa mlango uliokwishapigwa msasa, mpaka Mrefu, bosi wangu mpya, akaja kuniuliza kwa upole kama nataka ubaki mlango au ubaki unga.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alicheka hadi akashika mbavu. "Huku hawabembelezi mtu, Fundi. Ukisema hapana, sisi tunaelewa hapana."

"Sisi nani?"

Kicheko kikamkauka. "Sisi tunaokaa huku," alisema.

Neno lile lilinikaa kooni. Tangu siku hiyo nikaanza kumchunguza mke wangu kama mtu anayetafuta ufa kwenye ubao. Akiniuliza kama nitakula, nami nikasema sina njaa sana, anafunika sufuria na kuiweka kando. Akiniuliza kama nimechoka, nikasema kidogo tu, anazima taa na kulala. Zamani ningesema sina njaa, angenijibu, "Hebu toka hapa, njoo ule." Nilikuwa nadeka, najua. Mwanamume mzima na ndevu zangu. Lakini nilikuwa nadeka kwa mke wangu, si kwa mke wa jirani.

Jumapili moja alinikalisha mezani. Mkataba wake mpya ulikuwa tayari, na mwajiri alitaka kujua ampe makazi gani: nyumba ya watu wawili yenye sebule yake, au chumba cha mtu mmoja kwenye bweni la wauguzi. Jibu lilitakiwa kwa simu Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

"Naona hutulii hapa," alisema. "Kwa hiyo nakuuliza. Unataka kukaa huku na mimi?"

Nilitaka. Naliandika neno hili waziwazi kwa kuwa siku ile halikutoka. Miaka mitatu nililala kitanda kizima peke yangu na nilikichukia kila siku. Ningekaa naye hata juu ya dari. Lakini nilikuwa na kinyongo cha ile "sisi" yake, na nilitaka, angalau mara moja tangu nishuke kwenye ndege, mtu anishike mkono aniambie usiende.

"Mimi?" nikasema. "Hata nikirudi kesho ni sawa tu. Nakubana hapa. Wewe una maisha yako."

Nikangoja anikatalie. Akapangusa makombo ambayo hayakuwepo.

"Sawa," alisema. "Nimekusikia."

Jumatatu alirudi kazini na sanduku jipya la magurudumu. Jumanne akaniletea mashati mawili ya kumpelekea baba yangu, akauliza kama yatamtosha. Mimi nilikuwa nimevimba kama andazi. Nikafungua makabati na kuyafunga kwa kishindo, nikapiga miluzi, nikazunguka chumba mpaka jirani akagonga ukuta. Mke wangu alikunja mashati.

Jumatano nikampigia simu dada yangu mkubwa, nikitaka angalau yeye anionee huruma.

"Narudi, Dada. Mwenzangu amebadilika. Hata kunizuia hajanizuia."

"Wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambia narudi."

"Sasa akuzuie kwa kamba? Mdogo wangu, tangu utotoni ukinuna unajificha nyuma ya mlango, halafu unakohoa ili tujue uko wapi. Mama alikuwa na nafasi ya kukutafuta. Mkeo anatoka kazini amebeba wazee wa watu tangu asubuhi. Utakohoa mpaka lini?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Alhamisi nilitoa zana zangu zote nikazitandaza sakafuni ili aone jambo ni la kweli: randa, misumeno, nyundo, patasi zangu nilizorithi kwa fundi aliyenifundisha. Nilizigonganisha makusudi. Mke wangu alikuja, akazitazama, akaenda kuchukua taulo kuukuu. Akapiga magoti, akaanza kuzifunga patasi moja moja.

"Zisije zikapoteza makali njiani," alisema.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Hasira zote zilinishuka. Mtu anayetaka ubaki hakufungii patasi vizuri namna ile. Niliona sasa kwamba mchezo niliokuwa nacheza, nacheza peke yangu, na mwenzangu alishaondoka uwanjani siku nyingi.

Ijumaa alikuwa na mapumziko. Alikaa mezani, simu mbele yake, chai imepoa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na sanduku, nimevaa viatu, sijui kwa nini, kwa sababu hata tiketi tulikuwa hatujakata. Nilikwenda dirishani. Nikarudi. Nikaenda tena. Saa tano ilikuwa imeshapita.

"Nataka kukaa," nikasema.

Hakuinua uso. Nilikuwa nimejipanga kulisema vizuri, kwa heshima yangu, lakini lilitoka kama mtu anayeomba maji.

"Nataka kukaa na wewe," nikarudia. "Nilitaka tangu Jumapili. Nilikuwa nangoja unibembeleze."

"Hapana," alisema mke wangu. "Nenda tu, Fundi. Umeshafunga mzigo."

Nikasimama pale na mikono yangu miwili isiyojua pa kwenda. Kama alisema hapana kama wanavyoisema huku, basi mwenyewe ameamua, na kumng'ang'ania ni kumkosea adabu. Kama aliisema kama tunavyoisema kwetu, basi nikishika sanduku na kutoka nimemuua. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili, nikaona tu uso wa mtu aliyechoka ninayempenda. Sikujua mke wangu anaishi nchi gani.

Ikabidi nimuulize. "Hiyo hapana yako, ni ya kule au ya huku?"

Midomo ikamcheza, nikadhani atacheka. Akaanza kulia.

"Sijui," alisema. "Wallahi sijui. Miaka mitatu nikisema hapana wananiamini hapo hapo. Nikisema sijachoka wananiongezea kazi. Nikisema siumwi wanakwenda zao. Nimezoea. Uliposema unarudi nilitaka kukurukia shingoni, lakini mwili haukunyanyuka. Nikaenda kununua sanduku."

"Na patasi je?"

"Nilizifunga polepole," alisema. "Nilifikiri utaniambia niache."

Nilitaka kusema mambo mengi, na mengine yalikuwa ya kugombana. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbia. Nikavuta kiti, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nikakaa bila kuambiwa.

"Niombe tena," alisema mke wangu, akijipangusa pua kwa mkono wa shati. "Kama kwetu."

"Nikae?"

Akatikisa kichwa kukataa, macho chini.

"Mke wangu, nikae?"

"Aa. Utanisumbua. Utalegeza viti."

"Nitalegeza," nikasema. "Nitakusumbua mpaka uzeeke. Nakuomba, nikae?"

Hakunijibu mimi. Alivuta simu, akabonyeza namba, akakohoa kidogo kusafisha koo, na alipoongea ilikuwa sauti yake ya kazini, iliyonyooka. Nilimsikia mtu wa upande wa pili akiuliza, mara moja tu, nyumba ni ya mtu mmoja au wawili.

"Wawili," alisema mke wangu.