Kitambaa cha Meza ya Kaka

Mimi ni fundi wa meza za snuka, ule mchezo wa kugonga mipira kwa fimbo, tangu sijaota ndevu, na sanaa ya kisasa sijawahi kuielewa. Mtu anatundika gunia ukutani, watu wazima wanakunja mikono na kutikisa vichwa. Kwa hiyo binti wa marehemu kaka yangu, ambaye ni msanii, aliponiambia anataka kitambaa cha meza ya baba yake akitundike kwenye maonyesho, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Kilete kilivyo, baba mdogo," alisisitiza. "Usikifanyie chochote."

"Ondoa shaka, mwanangu."

Kaka alikuwa mchezaji wa kulipwa. Tulizunguka pamoja miaka thelathini, yeye na fimbo yake, mimi na brashi na pasi. Watu walimwita Poda, maana viganja vyake vilitoka jasho kama mtungi, naye alivipaka poda ya watoto kabla ya kila mchezo. Ukumbi mzima ulinukia wodi ya wazazi. Akiinama kulenga, mkono wake wa kushoto ulibaki umechapwa kwenye kile kitambaa cha kijani, vidole vitano vyeupe. Nilimgombeza kila siku.

"Unanipa kazi wewe!"

"Bila mimi ungekula wapi?" alijibu, huku akinikonyeza.

Jamani, namkumbuka kaka yangu, hata kwa kero zake.

Chumba chake cha mazoezi kilikuwa hakitumiki tangu afariki, mwaka mzima. Nilifungua dirisha, nikawasha taa ya juu ya meza. Chaki ya buluu huku, poda kule, vumbi kila mahali. Nikaona aibu. Wageni waje wakikute kitambaa cha Poda kichafu vile, waseme mdogo wake mvivu? Kwa fundi wa meza hiyo ni fedheha. Basi nikapiga brashi kuanzia upande wa mstari, pale mchezo unapoanzia, kuelekea upande wa mpira mweusi, kama manyoya ya kitambaa yanavyolala, kisha nikapitisha pasi ya uvuguvugu. Ndipo nikang'oa pini moja moja, nikakiviringisha kwenye bomba la plastiki, nikaondoka nikipiga mluzi.

Kwenye jumba la sanaa tulikikunjua sakafuni. Binti akapiga magoti, akapapasa upande wa mstari, akainuka, akazunguka upande wa pili, akarudi.

"Baba mdogo, mkono wa baba uko wapi?"

"Mkono gani?"

"Ulikuwa hapa, vidole vyote vitano! Nilikuwa nafungua mlango nauangalia tu, hata ndani siingii. Huo ndio nilitaka watu wauone."

Nikamwambia aniletee poda nichape wangu, kwa kuwa mikono yetu ilifanana. Akatikisa kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Miaka thelathini nimeufuta kila asubuhi," nikasema. "Jioni anakuja anauweka tena. Nilishazoea hivyo, mwanangu."

Akakaa sakafuni kando yangu, akanishika bega.

"Safari hii harudi, baba mdogo."

Msibani nilipanga viti, nikapokea wageni, sikutoa chozi hata moja. Siku ile, mbele ya mafundi waliokuwa wakigongelea picha za watu ukutani, nililia kwa sauti.