Stuli Namba Mia Nne na Kumi na Mbili

Stuli yangu iligeuka sanaa siku ya Jumanne, mimi nikiwa nyumbani na homa. Niliporudi kazini Alhamisi nikaikuta imezungushiwa kamba, imepakwa namba 412 kwa rangi nyeupe chini ya ubao, na pembeni kuna kikaratasi: "Stuli ya kiwandani. Mbao. Fundi hajulikani." Eti fundi hajulikani. Nimezaa naye watoto watatu.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikikasirika naruka mambo. Hili jumba la sanaa, ambalo mimi ni mlinzi wa Ukumbi wa Pili, zamani lilikuwa kiwanda cha nguo. Niliingia humu nikiwa msichana, nikasimama mbele ya mashine ya kufuma miaka kumi na tisa. Kiwanda kikafa, popo wakahamia, paa likaoza. Baadaye wakaja watu wa kofia ngumu, wakaziba paa, wakapaka kuta rangi nyeupe mpaka macho yanauma, wakaacha mashine moja tu katikati ya ukumbi kwa ajili ya historia. Kisha wakaleta sanaa ya kisasa. Kuna rundo la vijiti elfu kumi vya kuzungushia uzi, na uzi wenyewe haupo. Kuna televisheni inayoonyesha mwanamume ananawa uso, anamaliza, anaanza upya. Wageni wakiniuliza maana yake nawaambia, "Mwangalieni vizuri, huyo naye amechoka." Wanaitikia kwa kichwa, wengine wanaandika.

Enzi za kiwanda kukaa kulikuwa marufuku. Mume wangu alikuwa seremala wa humu humu. Nilipopata mimba ya kwanza, miguu ikavimba hadi viatu vikakataa kuingia, basi akanitengenezea stuli ya miguu mitatu bila msumari hata mmoja. Miguu yote inakutana chini ya ubao, na inashikwa na kabari moja tu, kubwa kama kidole gumba. Msimamizi akitokea mlangoni, napiga kabari kwa kisigino. Stuli inaachana, inakuwa vipande vya mbao chini ya mashine. Akishapita naiunga tena kabla hajafika mwisho wa ukumbi. Yule bwana alikuwa na jicho la mwewe, lakini hakunikamata hata siku moja.

Mume wangu alipofariki, niliileta stuli hapa kazini, kwa sababu nyumbani ilikuwa inaniliza. Mkurugenzi wetu, mama wa miwani na sauti ya taratibu, hataki walinzi wakalie viti. Anasema ukumbi unafanana na zahanati. Stuli yangu aliivumilia kwa kuwa inaendana na mashine. Kuendana huko ndiko kulikoniponza.

Aliyeipa namba ni mtunza kumbukumbu, mtu mpole wa umri wa wanangu, tunamwita Bwana Namba. Hakuna kitu humu ndani ambacho hajakipa namba, na Jumanne ile alikuwa anaorodhesha mabaki ya kiwanda. Nikamfuata ofisini kwake.

"Ile stuli ni yangu, mwanangu. Nimetoka nayo nyumbani."

Akashika kichwa. "Nisamehe, mama. Niliikuta kando ya mashine, nikadhani vinakwenda pamoja. Lakini namba ikishaingia kwenye daftari, mimi sina mamlaka ya kuifuta. Mpaka kamati ikae."

Kamati ilichukua miezi minane kukaa. Mimi miezi hiyo nilisimama. Nilisimama kando ya stuli yangu mwenyewe, magoti yanawaka moto, nikiwaambia watu wasiiguse. Siku moja bibi mmoja mwenye mkongojo aliniomba ajipumzishe pale dakika mbili tu. Nikamkatalia. Jioni ile nilijichukia njia nzima.

Nilikuwa nastaafu mwaka huo huo, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Sherehe sikuitaka, hotuba sikuitaka. Nilitaka kitu kimoja: nitoke mlangoni na stuli ya mume wangu. Jumatano ya wiki yangu ya mwisho jibu likaja. Bwana Namba alinisomea barua kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Kamati imeona stuli ni sehemu muhimu ya historia ya jengo, kwa hiyo itabaki.

"Haitoki kabisa?"

"Kanuni ndiyo hiyo, mama. Kitu hakitoki ila kiwe kimeharibika kiasi cha kutotengenezeka."

"Hebu rudia hapo."

Akarudia, bila kujua kwa nini. Nikamshukuru, nikaenda zangu kusimama.

Ijumaa mchana, wageni walipopungua, nikaivuka kamba. Niliogopa, sitadanganya. Miaka zaidi ya ishirini sikuwa nimeipiga kabari ile, na mbao nazo zinazeeka. Lakini kisigino hakikusahau. Nilipiga mara moja tu, ubao na miguu mitatu vikaanguka, mlio ukajaa ukumbi mzima. Kabari nikaificha kiganjani.

Mkurugenzi ndiye aliyefika kwanza. "Imekuwaje?"

"Imechoka," nikasema. "Tumechoka sote."

Akamwambia Bwana Namba aikague. Ikitengenezeka, ipelekwe karakana leo leo, irudi mahali pake. Kisha akaondoka.

Bwana Namba akapiga magoti. Alichukua mguu mmoja mmoja, akaupitishia kidole, akafika kwenye tundu la kabari. Lilikuwa safi, halina hata ufa. Akalitazama, akanitazama mimi, akatazama ngumi yangu. Nikajua basi, yamekwisha.

"Mama," akasema polepole, "hii inatengenezeka?"

"Fundi wake alishakufa, mwanangu."

Akaulaza ule mguu wa stuli sakafuni. Halafu akafungua daftari. "Aliitwa nani?"

Nikamtajia majina ya mume wangu, yote matatu. Akalikata lile neno "hajulikani", akayaandika majina kwa herufi kubwa, akanigeuzia daftari nione. Mstari wa chini akaandika: "Imeharibika. Haitengenezeki. Imeondolewa." Akaenda stoo, akaniletea gunia.

Binti yangu alinipokea mlangoni nyumbani. "Mama, siku hizi mtu akistaafu anapewa kuni?"

Niliunganisha miguu pale pale kizingitini, nikaisukuma kabari kwa kiganja mpaka ikakaza, nikakaa. Magoti yakatulia. Nilitaka na mimi nimtanie, lakini nikajikuta nalia kama mtoto, miezi minane yote inatoka kwa mpigo.

Akachuchumaa mbele yangu, amenishika mikono. "Mama, kuna nini? Wamekufanya nini?"

"Niache kidogo," nikamwambia. "Baba yako amenipa kiti."