Kumwogesha Baba Mkwe

Kwetu mkamwana hamgusi baba mkwe. Mkikutana njiani unampisha, mikono hampeani, na kiti chake hukikalii. Mimi Felisita nilimwogesha mzee Ndaki kila asubuhi, mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi na mume wangu Masalu akapata wazimu wa mizani ya kupimia pamba yao.

Kazi hiyo ilikuwa ya Masalu, mwanawe wa kumzaa. Lakini yeye alishinda vijijini juu ya lori la tajiri wake, nyumbani anakuja kulala tu. Wifi yangu Veronica, aliyeolewa Malampaka, alituma pole. Nimsugulie mzee mgongo kwa pole? Alikuwa anajisaidia nguoni na nzi wanamfuata.

Niliweza kwa sababu alikuwa amenisahau. Aliniita Salu, dada yake aliyekufa zamani. Nikimmwagia maji alicheka, akanisimulia ng'ombe waliochunga pamoja. Nikakubali kuwa Salu. Tusidanganyane, nilimpenda kuliko alipokuwa na akili zake.

Asubuhi moja nilikuwa namsugua miguu nyuma ya nyumba, ameketi uchi kwenye kigoda, mara akanyamaza. Nikainua uso. Macho yake yalikuwa yametulia, yananitazama mimi.

"Wewe ni mke wa Masalu," akasema.

Sabuni ikanidondoka. Mzee alijifunika kwa viganja, anataka kukimbia na miguu haina nguvu. Nikamtupia shuka, nikageukia ukuta. Nikamsikia analia. Sikuwahi kumsikia mzee wa rika lake akilia, na nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akauliza, taratibu, "Masalu amekufa?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, moyo ulinipasuka. Kwa akili zake timamu, hiyo ndiyo sababu pekee aliyoiona ya mkamwana kumwogesha. Ningesema yuko hai, yuko kwenye pamba, mzee angebaki na aibu yake na mtoto aliyemtelekeza.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Amekufa."

Nilishtuka jinsi neno lilivyonitoka kirahisi.

Halafu nikasikia shuka linaanguka chini.

"Basi maliza, mwanangu," akasema. "Pole sana. Umebaki peke yako."

Nikamsugua miguu huku ananifariji kwa kufiwa na mume, nami nilikuwa nalia kweli.