Kahawa ya Bure

Birika lilipita kati ya mistari ya cherehani, na kila mshonaji akasogeza kikombe chake bila kuondoa mguu kwenye pedali. Hivyo ndivyo mapumziko ya asubuhi yalivyofutwa pale kiwandani. Walipolalamika kwamba wamechoka, waliletewa kahawa ya bure, nyeusi kama lami, na kazi ikaendelea.

Mama Pacha alifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Vipi leo, umefunga?" aliuliza msimamizi, filimbi ikining'inia shingoni.

"Daktari kanikataza, bosi."

Juzi alikuwa amepelekwa zahanati, moyo ukimwenda mbio naye amekaa tu, mikono ikimtetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Daktari alimuuliza anakunywa vikombe vingapi kwa siku. Mama Pacha akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili, kisha akacheka kwa aibu. Daktari hakucheka.

"Usingizi huupati, tumbo linakuchoma, moyo unadunda ovyo. Kahawa imezidi, mama. Ila usiache ghafla. Punguza kidogo kidogo, na upate kupumzika."

Hilo la kupumzika alilisema kirahisi, kana kwamba linauzwa dukani.

Mama Pacha, kwa ubishi wake, aliacha ghafla. Sasa kichwa kilikuwa kinamgonga, macho mazito, kichefuchefu kimemkaa kooni.

"Dada, utajiua bure," alinong'ona mdogo wake, aliyekaa cherehani ya pili. "Si umeambiwa upunguze? Chukua nusu yangu."

Akammiminia. Mama Pacha akanywa taratibu, na maumivu yakalegea kidogo. Lakini usingizi haukulegea. Kabla ya adhuhuri mshono ulimkimbia, na msimamizi akainua shati juu ili watu wote walione.

"Huu ni mkono wa shati au mkia wa mjusi?"

Wachache walicheka, wengine wakainamisha vichwa.

"Kunywa kahawa uchangamke! Wenzako wanakunywa, mbona hawafi?"

Mama Pacha akawatazama wenzake. Yule wa vifungo alikuwa anatafuna vidonge vya kiungulia kama karanga. Yule wa kola alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake ili kisitetemeke.

"Bosi, niache nipumzike kidogo tu. Nikitoka hapo nitashona vizuri."

"Mapumziko hayapo. Kahawa ipo."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bidhaa zilizobaki, akalishika birika na kuinamia kikombe.

Mama Pacha alizima cherehani. Akakunja mashati mawili, akayaweka juu ya meza, akalaza kichwa.

Filimbi ililia karibu kabisa na sikio lake. Hakushtuka.

"Wewe mama! Nitakufukuza!"

"Nifukuze nikiamka," alisema, macho yamefumba.

Alisikia cherehani ya mdogo wake ikinyamaza, kisha ile ya vifungo. Msimamizi akapuliza tena filimbi, akaangalia huku na huku, halafu akatoka kwa haraka kwenda kumwita meneja. Viatu vyake vilipofika mlangoni Mama Pacha alikuwa ameshapitiwa na usingizi, mzito, mchana kweupe, mdomo wazi juu ya mashati ya watu.