Tumbo la Mzee Ndalahwa Mbele ya Wageni

Yunisi hakuwahi kuona watu wakila sambusa huku wakisubiri kutazama tumbo la mtu. Leo aliwaona, tena wenye tai zao, katika kliniki moja ya binafsi pale Mwanjelwa, na akaona kinyaa.

Mwenye tumbo alikuwa baba mkwe wake, mzee Ndalahwa, mfugaji wa Usangu, aliyekonda tangu masika mpaka macho yakawa manjano. Kliniki ilikuwa inazindua mashine mpya: mpira wenye kamera na altrasaundi nchani, unaoshushwa kooni ukachungulie kongosho. Mzee angepimwa bure, mradi akubali kutazamwa. Sayi, mume wa Yunisi, alikuwa mbali akichunga ng'ombe, kwa hiyo wakaja wawili tu, mkamwana akitembea nyuma. Kwao mkamwana hamgusi baba mkwe, wala hambishii.

"Soko la mashine hizi linapaa," Halfani, muuzaji, aliwaambia wageni huku akijifuta mafuta vidoleni. "Wenye matumbo mabovu wapo tele huku Nyanda za Juu."

Wakacheka. Ungedhani anasifia mavuno ya viazi. Kisha akaeleza kwa nini mgonjwa hukaa na njaa: tumboni kukiwa na kitu, kikapanda akiwa kwenye usingizi wa dawa, kitaingia mapafuni, na hapo ni kaburi.

Yunisi akakumbuka. Alfajiri mzee alimwomba mtindi. "Wamesema nisile," alimwambia. "Maziwa si kula." Naye akammiminia kikombe kikajaa, maana hata yeye alijua hivyo hivyo.

Akamwahi daktari mlangoni.

"Daktari, Baba kanywa mtindi asubuhi."

"Mwenyewe kasema hajala."

"Hajala. Kanywa."

Daktari akatupia jicho viti vilivyojaa. "Kidogo hakina shida, mama. Wageni wameshakaa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Hapa mgeni kaja, mgonjwa afe. Yunisi alitamani kuwatemea mate wote.

Kwenye skrini kubwa ukatokea mdomo wa mzee, umetanuliwa kwa plastiki, udenda unachuruzika. Mdomo ambao yeye hakuwahi kuutazama hata ukila. Mgeni mmoja akachukua sambusa nyingine. Nesi akaishika sindano ya usingizi.

Yunisi akapita katikati ya viti, akamshika mzee mkono, akamwinua kitandani.

"Baba, shuka."

Plastiki ilipochomolewa, mtindi ukapanda wote, mabonge kwa mabonge, ukaishia kwenye khanga yake na viatu vya waliokaa mbele. Wageni wakaziba pua. Yunisi hakuona kinyaa hata chembe. Alimfuta mzee kidevu kwa upindo wa khanga, taratibu, kama anavyowafuta wanawe.

Mzee akageukia ukutani, machozi yakimtoka.

"Usimwambie Sayi," alisema, "kwamba umenishika."