Kibao Kilichohamishwa

Josepha alikuwa hajafika hata ukingoni mwa shamba lake alipoona kibao cha kampuni ya mbolea kimehamishwa. Jana kilikuwa upande wa reli. Leo kilikuwa kimesimikwa katikati ya mahindi yake mwenyewe, na wageni wa siku ya wakulima walishaanza kupiga picha.

Damu ikamchemka.

Desemba, Lugembe, wakala wa kampuni hiyo, alimwomba nusu ya shamba hilo la Igalula, ile ya upande wa reli, aifanye shamba la mfano. Akaimwagia mbolea ya kupandia mara mbili ya kipimo. Nusu iliyobaki Josepha aliipanda mahindi na kunde, akatia samadi kiasi. Imakulata, mtafiti kutoka Tabora mjini, alikuja kuchimba mizizi ya pande zote mbili, akaitazama kwa hadubini.

"Mama, mzizi wenye njaa hutoa kemikali udongoni," alimweleza. "Ndiyo wito wake. Wapo fangasi wema. Wakiipata kemikali hiyo huufuata mzizi, wakauingia, kisha wakautafutia chakula na maji mbali kuliko unakofika wenyewe. Mbolea si adui. Ila ukiizidisha, mzizi umeshiba, hauiti mtu."

Februari mvua ikakata wiki tatu. Mahindi ya Lugembe yakajikunja majani, yakanyauka. Ya Josepha yakasimama.

Na leo kibao kimehama!

"Shikamoo, mama," Lugembe alimwahi, akitabasamu.

"Sitaki shikamoo yako! Nani kahamisha hiki?"

"Taratibu, mama. Wageni wametoka mbali. Shamba si ni moja tu?"

"Moja? Nilipokuwa napalilia huku ulikuwepo?"

Akakishika kibao kwa mikono miwili, akakitikisa mpaka kikang'oka, akakiburuta mbele ya wageni hadi kwenye mahindi yaliyonyauka, akakibwaga. Kisha akachukua jembe, akachimbua shina moja kila upande. La Lugembe lilitoka na mizizi mitupu, mchanga ukipukutika. La kwake lilitoka na bonge zima la udongo ulioing'ang'ania mizizi.

"Tazameni wenyewe," alisema. "Mbolea yake ilimwagwa hapa. Kule ni jasho langu."

Mzee Shigela, mwenyekiti wa kijiji, akamvuta pembeni. "Binti yangu, umetuaibisha mbele za watu. Mwombe kijana radhi, yaishe."

"Yeye aniibie mchana kweupe, halafu radhi niombe mimi? Hapana, mzee. Kwa hilo mtanisamehe."

Wanawake wa kijiji walishapiga magoti kwenye kunde, wanaparua udongo kwa vidole, wanauliza udongo huu umeshikwa na nini. Josepha akaenda kuwaeleza wito wa mzizi, na fangasi wanaoushikamanisha udongo.

Saa nane Lugembe akaondoka na wageni wake. Radhi hakuomba, wala picha za asubuhi hakuzifuta. Josepha aliwagawia majirani mbegu za kunde, konzi kwa konzi.