Kibonyezo cha Mwisho

Nilirudi kutoka kulisha kuku nikamkuta mume wangu, Baba Debra, amejikojolea hadi soksi zimeloa, kidole chake kimegandamiza piano, machozi yanamtiririka. Na piano haitoi sauti. Nilishtuka hadi bakuli likanitoka mkononi.

Tangu apigwe na kiharusi, Wainaina wangu hasemi. Mtu aliyefundisha nusu ya mtaa wetu wa Waithaka kuimba kwaya alibakiwa na mkono wa kushoto tu, na kwa mkono huo huniita: hupiga kibonyezo cha mwisho cha piano, kile chenye sauti nzito, nami hata nikiwa jikoni nasikia, naja. Wageni wakianza kumhurumia huwa nawakatiza. Nawaambia mzee wangu ana akili zake zote, ni ulimi tu umegoma.

Asubuhi hiyo Mutinda, fundi wa sofa pale Dagoretti Corner, alikuwa amekuja kukaza mguu wa kushoto wa piano uliokuwa ukicheza. Alijilaza chini, akakaza, akatikisa, akaridhika, akaenda zake. Hatukuijaribu. Nani hupiga piano kwa sababu ya mguu?

Nilimbadilisha mzee nguo, kisha nikampigia Mutinda simu, na sikumsalimia. Alipofika akajitetea kwamba yeye alishika mguu tu, huko juu hakugusa.

"Hiyo mguu yako imefunga mzee mdomo," nikamwambia.

Akarudi chini na bisibisi. Alipochomoa skrubu tukatazamana. Ilikuwa ndefu kama kidole, ya kufungia vitanda. Ilikuwa imetoboa ubao, ikatokea juu na kukizuia kibonyezo kisishuke. Mutinda akashika kichwa. Aliomba msamaha, akatia skrubu fupi, akataka kujaribu. Nikamzuia mkono. Mzee ajaribu mwenyewe.

Wainaina akabonyeza. Sauti ikaja, nzito, ikajaa sebule nzima.

Mutinda alikuwa akifunga mfuko wake wa vifaa aliposema, bila ubaya wowote, "Lakini Mama Debra, si mzee angepiga tu hii ya kando? Ziko mingi."

Nilivitazama vibonyezo vyote, vyeupe na vyeusi, vizima, vilivyokuwa karibu na mkono wake muda wote aliokuwa akilia. Nikakichukua kidole chake, nikakiweka kwenye kibonyezo cha jirani, nikakisukuma. Kikalia vizuri. Mzee akauondoa mkono upesi, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Halafu akarudi kwa kile cha mwisho, akaniita, macho ameyaelekeza kwenye mlango wa jikoni, akingoja nitokee. Nami nilikuwa nimesimama kando yake.

Nikaenda jikoni, kisha nikatokea.